Nta na Kosa Lisiloonekana

Kila kazi ya mikono humfunza mwenye kuifanya, na mara nyingi mafunzo hayo hayatoki kwa mwalimu bali hutoka katika kitu chenyewe kinachofanyiwa kazi. Mti hufunza kwa ugumu wake, chuma kwa moto wake, na udongo kwa wepesi wake wa kukauka. Katika makala haya twakusudia kuizungumza nta ya nyuki, na hasa kazi ya mtu anayejifunza nyumbani kwake kufinyanga sanamu ndogo kwa nta hiyo: ndege aliyetua, mbuzi anayejikuna, mama aliyebeba mtoto mgongoni, mzee aliyekaa kigodani. Machoni pa watu wengi kazi hii ni ndogo, pengine ni mchezo tu. Lakini ndani yake mna swali la maadili ambalo si dogo hata kidogo. Swali lenyewe ni hili: ikiwa kosa laweza kufutika pasi na kuacha alama yoyote, na hapana mtu aliyeliona, je, aliyelitenda angali na wajibu wowote juu yake?

Ili tulifikie swali hilo yatupasa kwanza tuitazame nta pamoja na ndugu zake wawili, yaani mti na udongo. Maana sifa ya kitu hudhihirika zaidi kinapolinganishwa na kingine.

Unapotajwa uchongaji katika nchi yetu, fikira za watu huwaendea mara moja Wamakonde na mpingo wao. Mpingo ni mti mgumu mno, mzito hata huzama majini, na moyo wake ni mweusi. Mchongaji huuendea kwa tezo, patasi na tupa, na kazi yake yote ni ya kupunguza. Kila kibanzi kinachoruka kimekwenda, wala hapana dawa ya kukirudisha. Pua ikikatwa kupita kiasi haiongezeki. Itambidi mchongaji aurudishe uso wote nyuma, ama abadili shauri la kazi nzima. Husimuliwa katika habari za uchongaji wa Dar es Salaam kwamba sanamu za mtindo wa shetani, zilizoanza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950, zilizaliwa kwa njia hiyo: mchongaji Samaki Likankoa alivunjikiwa na mkono wa sanamu, naye badala ya kuitupa akaigeuza ikawa kiumbe cha ajabu kisichofuata umbo la binadamu. Kisa hiki chafaa kukumbukwa kwa sababu chaonyesha tabia ya mti. Mti haukumruhusu mchongaji ajifanye kana kwamba mkono haukuvunjika. Ulimlazimisha alikabili jambo lililotokea, na katika kulikabili akapata kitu kipya ambacho baadaye wachongaji wengi walikifuata.

Udongo nao una tabia yake. Watoto wa wafugaji hufinyanga ng'ombe wa udongo wakiwa machungani, wakawapa pembe na nundu, wakawapanga katika zizi la vijiti. Wala wazee wetu hawakuuona udongo kuwa ni wa mchezo tu. Katika sehemu za kaskazini mashariki ya nchi, miongoni mwa Wasambaa, Wazigua na majirani zao, sanamu ndogo za udongo zilitumika katika mafunzo ya jando na unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuziandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1956. Sanamu hizo zilifuatana na nyimbo na mafumbo, na vijana wakaelezwa maana yake katika mambo ya mwenendo, ndoa na heshima. Sanamu ilikuwa ndogo, ya kushikika kwa mkono mmoja. Adabu iliyobebwa nayo ilikuwa ya maisha mazima. Udongo huo husameheka kwa muda tu. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Ukishapigwa na jua na kupita motoni, mlango wa masahihisho umefungwa.

Nta yatofautiana na hivi viwili. Haipunguzwi tu kama mti, huongezwa pia. Haikauki kama udongo. Ukiiacha leo, mwakani utaikuta vile vile, tayari kupashwa moto na kuanza upya. Pua iliyokatwa kupita kiasi hurudishwa kwa tone moja. Mguu uliopinda vibaya huvunjwa ukaundwa mwingine. Sanamu nzima isiyopendeza huingia sufuriani, na baada ya robo saa hapana awezaye kujua kwamba ilipata kuwapo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba nta ni kitu kinachosamehe kuliko vyote ambavyo mkono wa mwanafunzi hukutana navyo. Na hapo ndipo penye faida yake na hatari yake.

Tuieleze kazi yenyewe, maana si vema kufanya falsafa juu ya kazi isiyojulikana. Nta ni zao la nyuki. Nyuki watenda kazi walio wachanga huitoa katika tezi zilizo chini ya tumbo, ikiwa magamba madogo sana, nao huyatafuna na kuyajenga kuwa masega. Katika misitu ya miyombo ya Tabora, Kigoma, Katavi na kwingineko, warina asali huyachukua masega yaliyokwisha kukamuliwa, wakayayeyusha katika maji ya moto na kuyachuja kwa kitambaa au gunia; maji yapoapo, nta huganda juu yake kama mkate wa rangi ya manjano. Tangu zama za utawala wa Kijerumani nta ya Tabora imekuwa ikisafirishwa ng'ambo. Huku kwetu wengi twaijua kama bidhaa ya kuuza, au kama kitu cha fundi viatu cha kupitishia uzi wake. Wachache tumeishika kwa nia ya kuumbia. Penye miti hapana wajenzi.

Anayetaka kujifunza hahitaji karakana. Humtosha kipande cha nta kisichozidi ngumi, sufuria mbili, waya mwembamba, kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha kama kijiko, msumari uliotiwa mpini, na bakuli la maji ya uvuguvugu. Nta huyeyuka ifikapo joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi za Selsiasi. Haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, bali chombo chake huwekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Jambo hili ni la usalama, kwani nta iliyopashwa kupita kiasi hushika moto, na moto huo haumwagiwi maji kamwe. Hufunikwa mpaka ukose hewa. Nta tupu ni ngumu kidogo kwa vidole, kwa hiyo tangu zamani mafundi huilainisha kwa kutia mafuta kidogo ya mnyama au ya mimea, na wakitaka inate zaidi huongeza utomvu wa mti. Kipimo chake ni mkono wenyewe: kipande kikipinda bila kukatika na bila kugandamana na vidole, kimefaa.

Kisha hutengenezwa mifupa ya waya. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa vyake saba au saba na nusu. Mtoto mdogo ana vichwa vinne au vitano. Asiyelijua jambo hili humfinyangia mtoto kichwa kidogo, halafu akashangaa kwa nini mtoto wake anaonekana kama mzee aliyefupishwa. Waya hupindwa upate mwendo wa mwili, yaani uti wa mgongo, mabega na nyonga. Kisha hujazwa nta kwa mafungu makubwa, kiwiliwili kwanza, halafu mapaja na kichwa. Macho na vidole huja mwisho kabisa. Mwenye haraka huanza na macho, akapata macho mazuri katika kichwa kisichokaa mahali pake.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Vipande viwili vya nta havishikamani kwa kubanwa tu. Ili mkono uungane na bega, yapasa nyuso zote mbili zipashwe kwa msumari wa moto mpaka zikaribie kuyeyuka, ndipo zikutanishwe na kushikiliwa kimya hadi zipoe. Mtu akivibana vikiwa baridi, kisha akapitisha kidole chenye joto juu ya mstari wa kiungo, mstari huo utatoweka. Kwa jicho la mtazamaji, kiungo hicho na kiungo cha kweli ni kitu kimoja. Wala mwalimu, awe hodari namna gani, hatavitofautisha kwa kutazama. Lakini ndani mna ufa. Siku ya joto, ama siku mtoto atakapokinyanyua kisanamu kwa mkono wake, bega litaachana. Kosa la namna hii tutaliita kiungo baridi, na hilo ndilo kosa tulilolikusudia katika swali letu.

Wako watakaotujibu kwamba hapa hapana suala la maadili. Watasema: sanamu hii ni ya nyumbani, haikuuzwa, haikumdhulumu mtu, wala hakuna ahadi iliyovunjwa. Tena watasema: hata ikianguka, nta ni nta, itaunganishwa upya, na jambo limekwisha. Hoja hizi mbili si za kudharauliwa, nasi twataka kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza hulipima kosa kwa hasara iliyompata mtu mwingine. Kipimo hiki ni cha haki mahakamani, lakini hakitoshi katika malezi. Mtu anayejifunza hutengeneza vitu viwili kwa wakati mmoja: sanamu, na mkono wake mwenyewe. Sanamu yaweza kuyeyushwa kesho, mkono hauyeyushwi. Kila mara anapopitisha kidole juu ya kiungo asichokiamini, huuzoeza mkono wake kutosheka na sura ya kitu badala ya kitu chenyewe. Mazoea hayo hayabaki mezani penye nta. Huondoka naye, yakaenda naye shambani, dukani na ofisini. Sisi tunaotunga mashairi twaijua hali hii vizuri. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika kila kipande. Mtungaji akipungukiwa na mizani mbili, aweza kupachika neno lisilo na kazi. Mizani ikatimia, vina vikakaa, na asikilizaye asihisi upungufu wowote. Lakini mtungaji anajua kwamba pale pana tundu katika maana, na kwamba ametumia sauti kulifunika.

Hali kadhalika katika kazi za umma. Zipo hesabu zinazolazimishwa zikubaliane mwisho wa mwezi, mstari wa chini ukawa safi na wa juu yake haukuelezeka. Zipo nguzo zilizopungukiwa saruji ndani, zikapigwa lipu nzuri nje na kupakwa rangi. Aliyefanya hivyo hakuanza siku ile alipokabidhiwa nguzo ya jengo la watu. Alianza zamani, katika vitu vidogo visivyomdhuru mtu, ambavyo hapana aliyevikagua. Taifa halina askari wa kutosha kusimama nyuma ya kila mwashi, karani na muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi zake hufanywa mahali pasipo na shahidi, na usalama wa watu hutegemea kile ambacho mtu hufanya mahali hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa wa kwanza, ulio mwepesi kuzibika, ni ule ulio katika mkono unaojifunza.

Hoja ya pili yasema kwamba nta itarekebishwa tu. Kuijibu hoja hii yafaa tuwatazame watu ambao kwao nta haikuwa mwisho wa kazi, yaani Waakani wa Afrika Magharibi, katika nchi ambazo leo ni Ghana na Kodivaa. Kwa karne nyingi, hadi mwishoni mwa karne ya 19, vumbi la dhahabu lilikuwa fedha yao. Wafanyabiashara walikuwa na mizani ndogo na mawe yake ya shaba. Mengi ya mawe hayo yalikuwa sanamu ndogo ajabu: ndege ageuzaye shingo nyuma, samaki, mamba, watu wakiwa kazini, na baadhi yake zilikumbusha methali zilizojulikana na watu wote. Fundi aliifinyanga sanamu kwa nta, akaipaka uji laini wa udongo uliochanganywa na makaa ya kusagwa, kisha akaifunika kwa udongo mzito na kuacha tundu. Udongo ulipochomwa, nta iliyeyuka ikatoka, na katika uwazi ulioachwa ikamiminwa shaba iliyoyeyushwa. Udongo ukavunjwa, na sanamu ikatoka ikiwa moja tu, isiyo na ya pili. Kwa njia iyo hiyo, kwa ukubwa mwingine, mafundi wa Ife na Benin katika Nigeria ya leo walitengeneza vichwa na sanamu ambazo zimestaajabiwa ulimwenguni kote.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba shaba huifuata nta bila huruma. Huchukua unyoya, ukucha, hata alama ya kidole cha fundi. Kiungo kilichokuwa na ufa katika nta huwa na ufa katika shaba, na sasa haufutiki kwa kidole chenye joto. Nta iliyokuwa tayari kusamehe haipo tena, imekwisha kumwagika. Tena kwa Waakani sanamu hiyo haikuwa pambo. Ilipimwa: ikiwa nyepesi iliongezwa risasi au shaba, ikiwa nzito ilipunguzwa kipande, maana jiwe la mizani lisilo sahihi huiba kila siku linapotumiwa. Basi msamaha wa nta una mwisho wake, na mwisho huo hauko katika hiari ya nta. Mwanafunzi hawezi kujua mapema ni kisanamu kipi kitakachorudi sufuriani na ni kipi kitakachoingia tanuruni. Hivyo hivyo kijana hajui ni tendo lipi la ujana wake litakalosahauliwa, na ni lipi litakaloganda na kuwa tabia yake.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza nusu ya jambo. Nta ina hatari ya pili, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza, nayo huwapata zaidi watu waangalifu. Edgar Degas, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alifinyanga kwa miaka mingi katika chumba chake cha kazi mjini Paris sanamu ndogo za wacheza dansi na farasi. Katika maisha yake alionyesha hadharani moja tu, sanamu ya nta ya msichana mcheza dansi wa miaka 14, mwaka 1881. Alipofariki mwaka 1917 zilikutwa chumbani mwake sanamu kama 150 za nta na udongo, na nyingi zilikuwa zimevunjika. Zaidi ya 70 kati yake zilimiminwa kwa shaba baada ya kifo chake, kwa amri ya warithi na si yake. Wataalamu waliozipiga picha za eksirei wameona ndani yake waya, vizibo vya chupa na hata mipini ya brashi, ishara ya mtu aliyekuwa akiongeza, akipindua na kuanza tena bila kukoma.

Hatumlaumu Degas. Alikuwa akitafuta kujua mwendo wa mwili, na nta ilikuwa daftari lake. Lakini mwanafunzi asiye Degas aweza kuangukia katika hali ya kutokata shauri. Kwa kuwa nta haikatai, atalirekebisha bega lile lile wiki baada ya wiki. Leo litakuwa juu mno, kesho chini mno. Na mwaka utakwisha hana kitu anachoweza kukiweka mezani na kusema: hiki nimekifanya mimi. Watu huweza kuiita hali hiyo unyenyekevu. Aghalabu ni namna nyingine ya kukwepa wajibu, kwa maana asiyemaliza kazi hahukumiwi kwa kazi yake. Yule wa kwanza hulifunika kosa, huyu wa pili hukaa milele kabla ya kosa. Na wote wawili hawataki kukutana nalo.

Sasa twaweza kusema kwa nini nta ni mtihani mkubwa kuliko mpingo, ingawa ni laini. Mpingo humpa mchongaji vitu viwili bila yeye kuomba. Humpa kumbukumbu, kwa kuwa kosa hubaki mbele ya macho yake. Na humpa mwisho, kwa kuwa kila pigo la patasi ni uamuzi usiorudi. Nta haitoi kumbukumbu wala mwisho. Yeyote anayejifunza kwa nta yampasa avilete vyote viwili kutoka ndani ya nafsi yake. Kwa hiyo jibu letu kwa lile swali la mwanzo ni kwamba wajibu upo, tena kosa likiwa halionekani wajibu huwa mzito zaidi, kwa sababu hapana mwingine wa kuubeba.

Lakini wajibu huo ni wa namna gani? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, tusije tukamtwika mwanafunzi mzigo wa kujilaumu. Nta haikuumbwa ili imsute mtu. Wajibu tunaousema ni wa kujua. Kiungo kikiwa baridi, kifunguliwe. Itazamwe sababu, iwapo msumari ulipoa au mkono ulitikisika. Kipashwe na kuunganishwa upya. Baada ya hapo kosa limekwisha, na alama yake ifutwe kwa amani. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Naye arudiaye ni yule aliyefuta kabla ya kutazama. Tofauti ya kufuta baada ya kujua na kufuta ili usijue haionekani katika nta. Imo katika mtu.

Kwa mwenye kujifunza nyumbani twapendekeza desturi tatu. Ya kwanza, katika kila sanamu chache anazozifanya, moja aikate kwa kisu chenye joto pale penye viungo, aone kwa macho yake kilichomo ndani. Ya pili, sanamu yake ya kwanza kabisa asiiyeyushe, hata iwe mbaya namna gani; aandike tarehe chini ya nyayo zake na kuihifadhi mahali pasipo na jua, ili nta isiyokumbuka ipate mtu wa kuikumbukia. Ya tatu, kabla ya kuanza ajiwekee siku ya kuiacha sanamu, na siku hiyo ifikapo aiache, akichukua kasoro zilizobaki kuwa somo la sanamu ifuatayo. Na wale ambao imani yao haipendi kufanya sanamu za viumbe hai hawapungukiwi na kitu: jahazi, embe, nyumba ya msonge au kinu na mchi wake vina viungo vile vile, na vyafunza yale yale.

Kwa walimu wenzetu wa malezi haya twataka kusema neno moja zaidi. Darasa nalo limejaa nta. Penseli na kifutio, ubao na chaki, daftari la mazoezi, vyote hivi ni vitu vinavyosamehe, na ni vema vikasamehe, kwani pasipo hivyo hapana ambaye angethubutu kujaribu. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kuuliza na mwenye kujiamini. Kijana huyo hawezi kupatikana pale ambapo kosa ni aibu. Mwanafunzi aliyekosa hesabu, akafuta haraka na kunakili jibu la jirani, ametengeneza kiungo baridi. Nasi tukimpa alama ya vema tumempitishia kidole chenye joto juu yake. Kinyume chake, mwanafunzi anayekuja na kusema kwamba hapa sikuelewa, ametuonyesha ufa ungali waweza kuzibika. Mwalimu akimwadhibu huyu aliyekiri sawasawa na yule aliyeficha, au zaidi yake, darasa zima litakuwa limepata somo kabla ya kengele kulia, nalo ni somo la kuficha. Mficha uchi hazai, na shule inayowafundisha watoto kuficha wasichokijua haitazaa mafundi wala wataalamu, hata vyeti vikiwa vingi.

Na kwenu vijana, siku moja mtapewa kazi ambazo hazirudi sufuriani: daraja, dozi ya dawa, hukumu ya kesi, malezi ya mtoto. Siku hiyo haitakuwa siku ya kuanza kujifunza uaminifu wa mkono. Yafaa uanze sasa, jioni baada ya masomo, penye meza ya nyumbani na kipande cha nta kisichozidi ngumi. Chukueni bega mlilolimaliza, ambalo kila aliyeliona amelisifu, ambalo ninyi wenyewe mna shaka nalo kidogo. Lifungueni mlitazame.